Bodaboda ikisimama mlangoni, mimi hurudi jioni ile

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja, naishi Kayole na mume wangu ambaye ni fundi wa mabati kule Kamukunji. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika kibanda cha M-Pesa karibu na nyumbani. Hakikuwa changu, niliajiriwa tu. Tuligawana kaunta na dada mmoja ambaye tulizoeana hadi tukaingia chama kimoja.

Mwaka jana, wiki ya kuelekea Pasaka, wakati watu wanatoa pesa za kusafiri, vijana wawili walishuka kwenye bodaboda jioni. Hawakuvua helmeti. Mmoja alitoa bastola akataka pesa zote pamoja na simu ya floti. Droo ilikuwa imefungwa, nikainama kutafuta ufunguo. Nikiwa chini nilisikia mlio mmoja. Sikuinuka. Nilibaki pale nimeukumbatia mkebe wa sarafu mpaka pikipiki ikaondoka. Mwenzangu alikata roho tukiwa njiani kwenda hospitalini.

Matangani watu waliniambia Mungu ana mpango na mimi. Nilikosa jibu, kwa sababu nilijiuliza kama Mungu hakuwa na mpango na mwenzangu.

Nilidhani nitalia, tutazika, nitarudi kazini. Mpaka leo sijarudi. Nafulia watu nguo Komarock, na huwa nazunguka kwa njia ya nyuma nisipite stendi ya bodaboda. Bodaboda ikisimama karibu na mlango wetu, mikono inakufa ganzi na jasho linanitoka. Kibanda cha jirani walikuwa wakikaanga bajia jioni ile, na sasa harufu hiyo ikinipata naweza kusimama barabarani nisijue nilikuwa naenda wapi. Kamukunji siendi tena kwa sababu ya nyundo. Kanisani nakaa nyuma kabisa nikitazama mlango.

Usiku ndio mbaya zaidi. Nanunua Piriton dukani ili nilale. Mume wangu akinigusa nikiwa usingizini namrukia kama mwizi. Ni mtu mwema, lakini amechoka, ananiambia, “Hiyo ilipita, wewe uko hai, shukuru.” Kuna asubuhi natamani nisingeamka, halafu nafikiria mtoto naenda kuwasha jiko. Huyo mtoto naye, Jumamosi moja alikanyaga pakiti ya maziwa tupu hapo uani ikapasuka, nikamzaba kofi kabla sijajua nimeinua mkono. Siku hizi akiingia nyumbani ananyata.

Pasta alisema ni roho ya mauti, nikafunga na kuombewa. Nilipata nafuu kidogo, ikapotea. Mama yangu anasema Nairobi imenikataa, nirudi Makueni.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Mama ya marehemu anaishi hapa hapa mtaani. Nikimwona nabadilisha njia. Wote wanajua nilikuwa pale, ila hakuna anayejua kwamba nilijificha wakati binti yake anapigwa risasi. Je, nimwambie? Nirudi kwa mama? Au ndio naingia wazimu?

Asiyelala, Kayole


Marahaba mwanangu,

Nianze na sentensi uliyoipachika katikati ya nyingine kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kuna asubuhi unatamani usingeamka. Mwambie mumeo maneno hayo hayo, leo jioni. Dawa zilizo nyumbani azitunze yeye. Fikra hizo zikizidi, au ukijikuta unaanza kupanga namna, usingoje siku ya kliniki. Nenda sehemu ya dharura ya hospitali iliyo karibu, saa yoyote, au piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na hata kabla ya uamuzi huo, kusema umechoka hakukuwa kosa.

Sasa la wazimu. Huna wazimu. Unachoeleza ni mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ambao hospitalini utawasikia wakiuita PTSD, na ni ugonjwa unaotibika. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Daktari atakuuliza kama tukio linakurudia kana kwamba linatokea sasa, kama unakwepa vitu vinavyolikumbusha, na kama mwili wako unakesha ukingoja hatari. Bajia, njia ya nyuma ya Komarock, kiti cha nyuma kanisani: umeyajibu yote kabla hujaulizwa. Majuma ya kwanza baada ya tukio kama lile karibu kila mtu huwa hivyo, na wengi hutulia wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 70 ya watu hupitia jambo la kutisha kiasi hicho maishani, lakini wanaopata ugonjwa huu kati yao ni asilimia 5.6. Dalili zikipita mwezi mmoja na kuvuruga kazi na nyumba, hapo ni ugonjwa. Shirika hilo hilo linasema hadi asilimia 40 ya wanaougua hupona ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wako umekwisha pita, kwa hiyo habari ya kungoja ipoe yenyewe tuiweke kando.

Ubongo una sehemu inayopiga king'ora kabla hujawaza, na jioni ile ilifanya kazi yake sawasawa. Shida ni kwamba tangu hapo kimebaki kama kile cha gari la jirani ambacho paka akirukia boneti kinaamsha ploti nzima. Tena kumbukumbu nyingine zote hukujia na tarehe yake, unajua hii ni ya mwaka jana, ile ni ya shuleni. Ya kiwewe hurudi bila tarehe. Ndiyo maana ile pakiti ya maziwa, kwa mwili wako, ilikuwa risasi yenyewe. Wala haikuwa hasira ya mama kwa mwanawe.

Hata hivyo mtoto hajui habari za ubongo, anachojua ni kofi. Mketishe umwambie kwa maneno ya umri wake kwamba mama alishtuka, alikosea, si kosa lake, na mama anatafuta daktari. Najua wazazi wetu hawakutuomba msamaha. Wewe muombe.

Nije kwenye jambo lililokufanya uandike, na hapa nataka uichukue barua yako uisome nami. Mwanzoni umesema uliinama kutafuta ufunguo wa droo. Mtu mwenye bastola alitaka pesa, droo ilikuwa imefungwa, wewe ukatii. Ukifika mwisho wa barua, kuinama huko huko umekuita kujificha. Kati ya mistari hiyo hakuna jipya lililotokea kibandani. Kilichobadilika ni kwamba umekaa miezi mingi na kesi ambayo wewe ndiye mshtakiwa, shahidi na hakimu.

Na baada ya mlio hukuinuka. Ungeinuka ufanye nini? Mtu akiwa hatarini, mwili huamua wenyewe kukimbia, kupigana au kuganda, na haumwombi mwenyewe ruhusa. Kuganda kumewapata askari wenye mafunzo, sembuse mwanamke mwenye mkebe wa sarafu.

Sisi wa umri wangu tunaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika milio ya guruneti na risasi kwenye lango la nyuma, na wafanyakazi wa majengo ya karibu wakaenda madirishani kuona kuna nini. Bomu lilipolipuka, vioo viliwaingia usoni, na wengi waliumia macho. Watu 213 waliuawa Nairobi siku hiyo. Ukimsikia mmoja wa waliosimama dirishani akisema alijitakia, utamkatiza hata kabla hajamaliza, kwa kuwa alifanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akisikia kishindo nje. Wewe unajihukumu kwa habari ulizozipata baada ya risasi kutoka. Ukiwa umeinama hukuwa nazo.

Sitarajii aya mbili zangu zikuondolee lawama hiyo. Kuna tiba iliyotengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Katika aina moja unaandika kwa nini unaamini jambo lilitokea, kisha wewe na mtaalamu mnakikagua kila unachokiamini, mkiuliza ushahidi uko wapi. Kwa kawaida ni vikao kama 12. Katika nyingine unasimulia jioni ile kwa mpangilio, tena na tena, mahali salama, mpaka iwe kumbukumbu yenye tarehe kama nyingine, huku ukivirudia hatua kwa hatua vile unavyovikwepa. Ipo pia ambayo unalikumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu. Inaonekana kama mchezo, lakini ina ushahidi. Zote huumiza kidogo mwanzoni. Wanaoacha baada ya kikao cha pili kwa kuwa ndoto zimezidi ndio huwa nawasikitikia, maana walikuwa wameshafika mahali pagumu zaidi.

Angalia jambo moja. Kayole na Umoja zimejaa vibao vya washauri nasaha, na si wote waliofunzwa tiba hizi. Tangu sheria ya 2014, mshauri na mwanasaikolojia anapaswa awe amesajiliwa. Muulize cheti chake, umuulize pia amewahi kutibu kiwewe kwa njia gani. Akikwambia atakusaidia “kusahau”, shukuru uondoke.

Anzia Mama Lucy, kwa kuwa ndiyo hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Waambie unataka kuonwa kwa afya ya akili na ueleze tukio lenyewe, usiishie kusema hulali, la sivyo utapewa dawa ya usingizi urudi nyumbani. Ikibidi watakuandikia barua ya Kenyatta au Mathari. Najua jina Mathari linavyotumika mtaani kutukania watu. Hospitali hiyo imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, na walio wengi kwenye foleni yake ya kliniki ni watu kama wewe, wamevaa kama wewe, na jioni wanarudi kupika.

Ukikosa nauli au mtaalamu, usidhani ndio mwisho. Utafiti uliofanyika hapa hapa Nairobi na kuchapishwa 2017 uliwahusu wanawake 421 waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani, vikao vitano tu, na dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ukatili waliopitia si kama wako, lakini hali zao za maisha zinafanana na zako. Mhudumu wa afya anayepita kwenye ploti yenu anafaa kuulizwa.

Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake tu, na mwili huizoea ukataka zaidi. Ukiona haifanyi kazi usihamie diazepamu ya kuuziwa kwa siri. Haitibu kiwewe, na kuiacha baadaye ni kazi nyingine. Dawa zenye ushahidi ni kama sertralini, za kundi linalotumika pia kutibu sonona. Huchukua majuma kadhaa kabla hujaona tofauti, na haziachwi ghafla. Mwambie daktari kama una mimba au unanyonyesha.

Kuhusu pasta, endelea na maombi kama yanakupa nguvu, na naamini alikusudia mema. Ila mwanamke anayetamani asiamke hapaswi kuambiwa ana roho ya mauti. Na mtu asiyelala hafai kufungishwa, njaa inauongezea mwili mtetemeko. Mwombe akuombee huku unakula na unakwenda kliniki.

Makueni. Kama unataka kurudi kwa sababu ya shamba, gharama au kumtunza mama, hilo ni la kuzungumza na mumeo. Kama unarudi ili usione bodaboda, hata huko zimejaa, ndizo zitakazokuchukua stendi kukufikisha kwa mama. Hofu hii hulishwa na kukwepa. Kila unapozunguka kwa njia ya nyuma unapata nafuu ya dakika kumi, na mwili unaandika kwamba umepona kifo kwa kuzunguka. Kesho yake stendi inatisha zaidi. Nenda kamsalimie mama wikendi urudi, uamuzi wa kuhama uuache mpaka tiba imeanza kushika.

Sikwambii upande bodaboda kesho. Simama na mumeo ng'ambo ya stendi mchana, mahali unapoweza kuvumilia, usiondoke hofu ikiwa kileleni, ngoja ianze kushuka yenyewe. Rudia siku nyingine, na mkisogea msogee kidogo. Kibanda cha M-Pesa na simulizi yenyewe viache vya kufanya na mtaalamu. Tena tusidanganyane, si kila hofu ya Nairobi ni ugonjwa. Kutopita kichochoro chenye giza saa tatu usiku ni akili timamu, hakuna daktari atakayekutaka ukipite.

Harufu ya bajia ikikushika barabarani, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti siku, mwaka na mahali: leo Jumanne, niko Komarock, nimebeba sabuni. Watazame waliopita, taja rangi za nguo zao. Wakikushangaa waache, Nairobi watu huongea peke yao simuni kutwa nzima. Pasaka ikikaribia, tarajia dalili kupanda. Miili hukumbuka majira. Usipange mambo mazito wiki hiyo.

Mumeo msomee hapa. Mwanangu, “hiyo ilipita” ni kweli kwenye kalenda, ila mwili wa mkeo haujapata habari. Usimguse akiwa amelala. Simama mbali kidogo, mwite jina mpaka ajibu. Asubuhi usimhoji kuhusu ndoto, muulize tu kama amekula. Na uchovu wako ni halali, una haki ya kuwa na mtu wa kumweleza ambaye si yeye.

Imebaki mama ya marehemu. Usimwendee sasa kukiri. Ukienda leo utakwenda kutafuta adhabu, na utamtwika mfiwa kazi ya kukuhukumu au kukufariji, naye hana nguvu ya lolote kati ya hayo. Lakini usiendelee kubadilisha njia. Msalimie. Shikamoo tu inatosha, upite. Baada ya vikao kadhaa, mtaalamu akiona uko tayari, nenda ukakae naye. Usimpeleke ile hukumu yako, mpeleke habari ambazo pengine hakuna mwingine anayeweza kumpa. Umeandika “tukiwa njiani kwenda hospitalini”. Kumbe binti yake hakufa peke yake, wewe ulikuwa naye garini. Umeutaja mkebe wa sarafu na ukaiacha safari nzima. Mzazi anaweza kutaka kujua kama mtoto wake alisema neno, kama alishikwa mkono. Akitaka kusikia mwambie, asipotaka mnywe chai. Anaweza pia kukukasirikia, na hilo halitakuwa uthibitisho kwamba ulikosea.

Kwa wiki hii yako ni mawili, mazungumzo ya leo na mumeo, na hospitali. Aje nawe siku ya kwanza, kwa sababu ukisimama mbele ya karani unaweza kusema una maumivu ya kichwa tu. Akikosa nafasi Kamukunji, mchukue mwenzako wa chama. Bebeni kitambulisho, kama umejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, uulize inalipia nini kabla hujatoa pesa, na mfike mapema. Foleni ya hospitali za umma baada ya saa nne asubuhi si ya mtu ambaye hajalala.

Shangazi